Mkurdi wa Shaba na Wakurdi wa Damu

Mfyuuu! Wacha nisonye kwanza, maneno yatafuata.

Pale Damascus, mji mkuu wa Syria, mbele ya ngome kongwe na jirani kabisa na lango la soko la Hamidiyeh, Salahuddin Al-Ayyubi amepanda farasi wa shaba. Huyu ndiye sultani wa zama za kati aliyeutwaa mji wa Yerusalemu kutoka kwa Wapiganaji wa Msalaba mwaka 1187. Sanamu ni kazi ya mchongaji Abdallah al-Sayed, na iliwekwa hapo mwaka 1993, ilipotimia miaka 800 tangu sultani afariki. Picha yake imeingia kijiweni kwetu kupitia simu ya dogo wa bodaboda, na tangu iingie, habari za Simba na Yanga zimewekwa kando. Kahawa inamiminwa, kashata zinaliwa, watu wanasonya.

Dogo alikuja nayo kifua mbele. "Wazee wangu, mnaiona heshima hiyo?" Picha ni nzuri, sikatai. Akaikuza kwa vidole viwili, simu ikapita mkono kwa mkono. Sultani yuko juu ya farasi, upande mmoja ana askari wa miguu, upande wa pili ana mtu wa tarika, Sufi. Ukizunguka hadi nyuma, kule kwenye mkia wa farasi, ndipo unapowakuta mateka wawili wa Kizungu wamekaa, wamenywea: Guy wa Lusignan, aliyekuwa mfalme wa Yerusalemu, na Reynald wa Châtillon, bwana wa ngome ya Kerak. Anayepita kwa mbele anaona ushindi tu. Walioshindwa wamewekwa nyuma.

Mzee wetu muuza kahawa, mtu wa Kilwa Kivinje, ndiye aliyesonya wa kwanza. "Wanangu, sultani wa Kiislamu anachongewa sanamu? Angeulizwa mwenyewe angeridhia?"

Mwalimu mstaafu akaweka kikombe chini. "Hakuulizwa, Mzee wangu. Marehemu haulizwi. Ndiyo maana watawala wanawapenda sana marehemu."

Kijiwe kikatulia kidogo, kila mtu akilipima neno la Mwalimu. Mimi nasema hapo ndipo penye kiini cha jambo hili, na tusipaache mpaka tumeelewana. Sanamu haimwongezei kitu aliyekufa. Ni kauli ya aliyeisimamisha. Kwa hiyo ukiiona sanamu, usianze na yule aliye juu ya farasi. Anza na aliyemweka pale, halafu uangalie watu wa damu moja na huyo wa juu ya farasi wanaishije chini ya mkono wake.

Haya, tumjue kwanza mwenyewe, kama Mwalimu alivyotusimulia. Salahuddin alizaliwa Tikrit, nchini Iraki ya leo, mwaka 1137 au 1138 kwa hesabu ya Kizungu. Hakuwa Mwarabu. Alikuwa Mkurdi, baba yake Najm al-Din Ayyub na ami yake Shirkuh, wote watu wa vita waliomtumikia Nur al-Din, mtawala wa Syria. Alipelekwa Misri pamoja na ami yake, na mwaka 1169 akawa waziri mkuu huko. Mwaka 1171 akaifuta dola ya Fatimid iliyotawala huko, na mwaka 1174, Nur al-Din alipofariki, akaingia Damascus. Tangu hapo alipigana kwa miaka mingi, tena mara nyingi na Waislamu wenzake, mpaka Misri na Syria zikawa chini yake.

Tarehe 4 Julai 1187, kule Hattin karibu na ziwa la Galilaya, akalibana jeshi la Wapiganaji wa Msalaba kwenye jua kali, maji yakiwa yamewaishia. Jioni wale wawili wa kwenye mkia wa farasi wakaletwa hemani kwake. Guy akapewa maji ya baridi, akanywa, akampitishia Reynald. Kwa desturi ya wakati ule, mateka akishakula au kunywa mkononi mwa aliyemteka, damu yake imesalimika. Salahuddin akaweka wazi kwamba yule wa pili hakupewa maji na yeye. Reynald alikuwa amevamia misafara ya wafanyabiashara na mahujaji wakati wa mapatano ya amani, na sultani alikuwa ameapa kumuua kwa mkono wake. Akatimiza pale pale. Guy akamwacha hai, na mwaka uliofuata akamwachia huru.

"Mtu wa neno huyo!" akadakia dogo.

Mtu wa neno, naam. Tarehe 2 Oktoba mwaka ule ule Yerusalemu ikasalimu amri. Miaka 88 nyuma, mwaka 1099, Wapiganaji wa Msalaba walipoingia mji huo waliwachinja Waislamu na Wayahudi kwa maelfu. Salahuddin hakulipa kisasi cha namna hiyo. Alikubaliana na Balian wa Ibelin, aliyeongoza walinzi wa mji, kwamba watu wajikomboe: dinari 10 kwa mwanamume, 5 kwa mwanamke, na kiasi kidogo kwa mtoto, ndani ya siku 40. Ndugu yake, al-Adil, akaomba apewe maskini 1,000 wasio na cha kulipa, akawaachia huru. Na wengine wengi waliachiwa bure.

Lakini tusimpake mafuta marehemu. Maelfu waliokosa fedha pale Yerusalemu waliingia utumwani. Na kuna jambo moja ambalo sisi watu weusi hatuna ruhusa ya kuliruka. Agosti 1169, kule Cairo, wanajeshi weusi wa dola ya Fatimid, wengi wao wenye asili ya Nubia na Sudan, walimwasi Salahuddin. Mapigano yalipokuwa yamepamba moto, akaamuru mtaa wao uchomwe, mtaa waliokuwamo wake zao na watoto wao. Wanaume walipouona moshi, wakavunjika nguvu. Waliahidiwa kupita salama, wakavuka mto kwenda Giza, na huko wakafuatwa na kuuawa. Mwalimu alipofika hapo, kijiwe kizima kilisonya. Hilo haliko kwenye shaba. Mbele ya ngome kawekwa askari na Sufi, hakuna mwanajeshi mweusi wala mtaa unaoungua. Anayetoa fedha za sanamu ndiye anayechagua nini kionekane.

Na alikufa vipi? Tarehe 4 Machi 1193, homa ikamwondoa, mle mle ndani ya ngome ambayo leo sanamu inailinda. Alikuwa na miaka kama 55. Kadhi wake, Ibn Shaddad, aliyekuwa karibu naye miaka ya mwisho na kuandika maisha yake, ameacha hesabu ya hazina binafsi ya mtawala wa Misri na Syria: dirhamu 47 za fedha na sarafu moja ya dhahabu. Basi. Hakuacha nyumba wala shamba. Gharama za maziko zilibidi zikopwe. Alizikwa kwanza ngomeni, kisha mwaka 1195 akahamishiwa kwenye kaburi lililo ubavuni mwa Msikiti wa Umayya, na liko mpaka leo.

"Dirhamu arobaini na saba!" Mama wa maandazi hakuamini. "Wa kwetu wakistaafu wana maghorofa."

Sasa tumgeukie aliyesimamisha. Mwaka 1993 mwenye Syria alikuwa Hafez al-Assad. Alitwaa madaraka kwa mapinduzi mwaka 1970, akakaa juu hadi alipofariki mwaka 2000, akamrithisha mwanawe Bashar. Huyo ndiye aliyetaka taifa limtazame Salahuddin na kumfikiria yeye. Haya, tumpime kwa kipimo alichokichagua mwenyewe.

Salahuddin aliingia mji wa adui bila kuuchinja. Februari 1982, majeshi ya Assad yaliuzingira mji wa Hama, mji wa Wasyria wenyewe, kwa sababu ya uasi wa Ndugu wa Kiislamu. Waliupiga kwa mizinga wiki kadhaa. Mitaa mizima ya kale ilibomolewa, na watu waliouawa wanahesabiwa kwa maelfu. Salahuddin alimnywesha maji mfalme mateka. Ngome ile ile ambayo sanamu imesimama mbele yake, chini ya dola ya kisasa ya Syria ilikuwa gereza hadi miaka ya 1980. Fikirini, jamani. Nyumba aliyofia mtu asiye na mali ya dhuluma mfukoni, ikageuzwa ya kufungia raia, kisha mlangoni ikawekwa shaba ya kumsifu.

Na bado sijafika kwenye linaloniuma zaidi.

Tarehe 5 Oktoba 1962, kabla Chama cha Baath, chama cha Assad, hakijashika dola, serikali ya Syria ilifanya sensa ya siku moja tu katika mkoa wa Hasakah, kaskazini mashariki, wanakoishi Wakurdi wengi. Siku moja! Kila mtu alitakiwa athibitishe kwa karatasi kwamba alikuwa akiishi Syria kabla ya mwaka 1945. Mkulima wa kijijini karatasi hiyo aitoe wapi? Wakurdi wapatao 120,000 walilala wakiwa raia, wakaamka si raia. Wengine waliandikwa wageni ndani ya ardhi waliyozaliwa. Wengine hawakuandikwa kabisa, wakawa watu wasiokuwepo kwenye kitabu chochote. Baath walipokuja mwaka 1963 hawakuifuta. Assad alipokuja hakuifuta. Na kwa kuwa mtoto hurithi hali ya baba, idadi iliendelea kukua kizazi baada ya kizazi.

Asiye raia hakuruhusiwa kumiliki ardhi kwa jina lake. Hakupata pasipoti, ajira ya serikali wala kura. Lugha yake haikufundishwa shuleni, na vijiji vyake vingi vikabatizwa majina ya Kiarabu.

Mama wa maandazi akaacha kupanga bakuli. "Mwalimu, ngoja. Huyo sultani si umesema ni Mkurdi?"

"Ni Mkurdi, Mama."

"Na mwaka waliosimamisha sanamu yake, hao Wakurdi walikuwa hawana vitambulisho?"

"Mwaka huo huo. Wamekaa hivyo hadi Aprili 2011."

Mama akasonya msonyo mrefu. "Hapa kwetu bila kitambulisho husajili hata laini ya simu. Wao wananyimwa miaka yote hiyo, halafu babu yao anapandishwa juu ya farasi?"

Mama, umemaliza. Mimi sina la kuongeza kwenye hoja yako, naishikilia tu. Serikali ilimpa heshima Mkurdi mmoja aliyekufa miaka 800 nyuma, ikawanyima maelfu ya Wakurdi walio hai karatasi ya kuonyesha wamezaliwa wapi. Kama Salahuddin angefufuka mwaka 1993 akiwa mtoto wa mkulima wa Hasakah, pengine asingepewa uraia wa nchi ambayo sanamu yake imesimama katikati ya mji mkuu. Na amri ya Bashar ya mwaka 2011, ya kuwapa uraia, haikutoka kwa huruma. Maandamano yalikuwa yameanza kote nchini, na Bashar alitaka Wakurdi wasijiunge nayo. Hata hivyo ilitolewa kwa wale walioandikwa wageni. Wale wasioandikwa popote waliachwa nje.

Dogo hakukubali kushindwa mapema. "Lakini Mwalimu, si kila kiongozi ana dosari zake? Bora sanamu ipo, watoto wajue historia."

Watoto wajue, sawa kabisa. Ila wajue yote, pamoja na tabia hii, maana Assad hakuianzisha. Saddam Hussein naye alizaliwa karibu na Tikrit, akapenda mno kujifananisha na Salahuddin kwa sababu ya mji huo. Ni yeye huyo ambaye mwaka 1988 aliendesha kampeni ya Anfal dhidi ya Wakurdi wa Iraki, na tarehe 16 Machi mwaka huo ndege zake zikamwaga gesi ya sumu kwenye mji wa Halabja. Wakafa watu wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Anajiita Salahuddin wa leo, anawaua jamaa za Salahuddin. Mfyuuu!

Na kabla yao wote kuna mmoja ambaye hapa kwetu tunamjua vizuri. Novemba 1898, Kaiser Wilhelm wa Pili wa Ujerumani alitembelea Damascus. Akaenda kaburini kwa Salahuddin, akamsifu, na katika hotuba yake akatangaza kwamba yeye ni rafiki wa Waislamu milioni 300 duniani. Kaburi likapata shada la shaba lililopakwa dhahabu kwa jina lake. Mwaka 1918 Mwingereza T. E. Lawrence akalichukua shada hilo, na sasa liko kwenye makumbusho ya vita jijini London.

Mzee wa kahawa alikuwa ameinamia birika. Akainua kichwa. "Mwaka gani umesema?"

"1898, Mzee."

"Basi nisikilizeni. Mwaka 1895, miaka mitatu tu kabla ya hapo, Wajerumani, waliokuwa wakitutawala, walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya kwetu Kilwa Kivinje. Mwislamu yule. Na mwaka 1889 walishamnyonga Bushiri bin Salim kule Pangani. Mwislamu naye. Huyo rafiki wa Waislamu aliwanyonga kina nani huku?"

Fundi viatu, Mhehe wa Kalenga, muda wote alikuwa kimya na sindano yake. Sasa akasema taratibu: "Na sisi Julai ya mwaka huo huo wa 1898 tulimpoteza mtawala wetu, Mtwa Mkwawa. Alijipiga risasi asikamatwe. Wakamkata kichwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Limerudi Kalenga mwaka 1954."

Hesabuni wenyewe. Julai kichwa cha Mkwawa kinakatwa. Novemba Kaiser yuko Damascus anainama mbele ya kaburi la shujaa wa watu wengine. Hakuna hata miezi minne katikati. Kwa mkono mmoja shada, kwa mkono mwingine kitanzi. Ndiyo maana nawaambia jambo hili la Damascus si la mbali. Kaiser alimsifu Mwislamu aliyekufa karne saba nyuma, kwa sababu aliyekufa hadai kitu wala hakatai kutawaliwa. Waislamu waliokuwa hai Kilwa na Pangani ndio waliokataa, na jibu walilopewa ni kamba.

Mnaona njia wanayopita wote watatu? Kaiser, Saddam, Assad. Wanakwenda kwa shujaa aliyekwisha kufa, wanabeba sehemu yake ya ushindi, wanajivika. Sehemu ya msamaha wanaiacha, ya dirhamu 47 hawaitaki kuisikia, na ndugu zake walio hai wanawakanyaga. Kumheshimu marehemu ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni kumpa aliye hai haki yake, maana hiyo inagharimu ardhi, kura na madaraka.

Desemba 2024 utawala wa Assad ukaanguka. Bashar akakimbilia Urusi, na mji baada ya mji watu wakaziangusha sanamu za baba yake, wakazifunga kamba na kuziburuta barabarani. Hasira ile haikumwelekea Salahuddin. Wasyria walijua kumtofautisha sultani na waliojificha nyuma ya farasi wake. Na nyuma ya farasi, kumbuka, ndipo mchongaji alipowaweka walioshindwa.

Dogo akauliza swali la maana kuliko yote ya siku hiyo. "Kwa hiyo ivunjwe?"

Hapana, mdogo wangu. Mimi sitaki ivunjwe. Ibaki hapo hapo mbele ya ngome, wala wasiihamishe hata hatua moja. Ila pembeni yake iandikwe kwa lugha mbili, Kiarabu na Kikurdi, kwamba mtu huyu alikuwa Mkurdi wa Tikrit. Iandikwe kwamba aliwaachia baadhi ya maskini wa Yerusalemu na kuuchoma mtaa wa weusi wa Cairo, na kwamba alikufa ana dirhamu 47 na sarafu moja. Iandikwe pia kwamba waliomsimamisha hapa waliwanyima jamaa zake uraia. Mpita njia asome yote, aamue mwenyewe.

Na watawala wapya wa Damascus nao wasikilize. Wamerithi mji, ngome na farasi wa shaba. Shada la maua pale mbele halitatuambia lolote juu yao. Tutaangalia Hasakah na mji wake wa Qamishli: kama bibi wa Kikurdi ambaye hajaandikwa popote tangu azaliwe anapata cheti chake, kama mjukuu wake anafundishwa kwa lugha ya mama yake, na kama shamba waliloandikiwa wengine linazungumziwa mezani bila bunduki. Vivyo hivyo kwa mtawala yeyote, popote alipo, anayetukusanya uwanjani kuzindua shujaa wa kale. Tupige makofi, sawa, shujaa anastahili. Makofi yakiisha tumuulize, mbele ya kamera zake: jamaa za huyu uliyemchonga wako wapi leo, na umewapa nini?